Njooni Mtengeneze Kipindi Awasi

Barua ya wazi kwa Bodi na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC); nakala kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) na Serikali ya Kaunti ya Kisumu

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Awasi, pale njia ya kwenda Chemelil inapochomoka kwenye barabara kuu ya Kisumu na Kericho. Nitaweka ombi letu mwanzoni, ili hata atakayeishia aya hii awe amelisikia: tunaomba KBC ianzishe kipindi cha televisheni cha kila wiki, cha nusu saa, cha kuwaelimisha wakazi wa vijiji vya Kano. Kitayarishwe hapa, na timu inayoishi hapa, na kisemwe kwa Dholuo kwanza.

Nimefundisha elimu ya watu wazima kwa miaka mingi, darasa ambalo wazee bado wanaliita gumbaru tangu kampeni ya kufuta ujinga iliyoanzishwa na Rais Moi mwaka 1979. Wanafunzi wangu wengi ni akina mama. Wanalima mpunga, wanauza omena na mboga, wanalea wajukuu. Kusoma na kuandika wanakutaka, lakini kila siku huja pia na maswali. Mbona suke la mpunga linakauka shingoni kabla ya kujaa? Mtoto aliyepata chanjo ya malaria bado alale ndani ya neti? Mbegu iliyouzwa kwenye mfuko mzuri, mtu atajuaje kama si bandia? Mwanzoni mwa 2023, ndege aina ya kwelea walipovamia mashamba ya mpunga ya Kisumu na dawa ya kuwaua ikanyunyizwa, mama mmoja aliniuliza kama ndege walioanguka wanaweza kupikwa. Alikuwa ameiona habari yao kwenye televisheni. Aliyaona mashamba ya jirani zake, akamsikia afisa akizungumza Kiingereza, habari ikaisha. Jibu la swali lake lilikuwa hapana, tena hapana ya kuokoa maisha. Nchi nzima ilitazama mashamba ya kijiji chake, na yeye hakuambiwa lililomhusu.

Hapo ndipo penye shida yetu. Kano inaonekana sana kwenye televisheni. Mto Nyando ukifurika, kamera hufika Ahero kabla ya unga wa msaada. Ndivyo ilivyokuwa 2020, ikawa hivyo tena 2024: magodoro vichwani, mbuzi juu ya paa, mbunge ndani ya gambuti. Maji yakipungua, kamera hurudi zilikotoka. Miezi ile mingine yote, ambayo mtu angeweza kuonyeshwa jinsi ya kuinua sakafu, kutundika mbegu mahali pakavu, kusafisha kisima kilichoingiwa na maji ya choo, hupita bila neno.

Mwaka huo wa 2020 nilijifunza jambo ambalo ningependa mlitafakari. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na KICD ikapeleka masomo kwenye redio za KBC na kwenye kituo chake cha televisheni, Edu Channel. Ilikuwa kazi kubwa na nawashukuru walioifanya. Lakini wiki chache baadaye mto ulivunja kingo, na familia nyingi za huku zikahamia katika madarasa yaleyale yaliyofungwa. Sensa ya 2019 ilikuwa imeonyesha kwamba kaya zenye televisheni nchini ni asilimia 40.7, na zenye redio ni asilimia 56.9. Hizo ni hesabu za Kenya nzima, Nairobi ikiwemo. Unaweza kukisia zilivyo katika kijiji kilicho ndani ya maji.

Kulikuwa na boma moja kwenye ardhi ya mwinuko lenye televisheni ndogo ya sola, zile zinazolipiwa kidogo kidogo kwa simu. Watoto wa nyumba kadhaa walikuwa wakikaa chini mbele yake. Mwalimu wa kwenye skrini alikwenda kwa kasi yake, maana hakuna wa kumwambia arudie. Nyuma ya watoto alisimama msichana wa darasa la nane na kipande cha makaa mkononi, akiandika ukutani kila alichoweza kukishika. Kipindi kilipokwisha, televisheni ikazimwa kulinda betri, naye akaanza upya: akasoma ukuta, akawaeleza wadogo kwa Dholuo, akauliza maswali, akampa mtoto mmoja makaa ajaribu mwenyewe. Walijifunza pale. Mwalimu wa mbali alileta hesabu sahihi, na msichana akaifikisha.

Njia hii ya kujifunza haikugunduliwa Awasi. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyefunzwa na kijitabu chake. Redio ikimaliza, wanajadili, kisha wanatoka kwenda kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi. Kama matangazo yale yangerushwa hewani yakaachwa hapo, leo tusingekuwa tunayataja. Kilichochimba vyoo ni vikundi.

Na sisi wa kando ya ziwa tunayo historia yetu, ambayo nasikitika kwamba vijana wachache sana wanaijua. Mwaka 1982, Homa Bay ilipata kituo kidogo cha redio ya jamii kwa ushirikiano wa UNESCO na Sauti ya Kenya, yaani ninyi wenyewe kabla hamjawa KBC mwaka 1989. Kinahesabiwa kuwa miongoni mwa vituo vya kwanza kabisa vya redio ya jamii barani Afrika. Mitambo yake ilikuwa ya bei nafuu, kilitangaza kwa Dholuo, na watu walisikia sauti za majirani zao zikitoka ndani ya sanduku lililozoea kutoa sauti za mbali. Mwaka 1984 kilifungwa. Sikitaji ili kufufua lawama. Waliokuwa ofisini wakati ule wameshaondoka. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha kwamba shirika lenu liliwahi kuliweza jambo hili, umbali mfupi tu ng'ambo ya ghuba kutoka hapa, katika wakati ambapo vifaa vya kurekodi vilikuwa vizito kuliko vya leo.

Miaka michache kabla ya Homa Bay, India ilikuwa imejaribu kitu kikubwa zaidi kwa picha. Kuanzia Agosti 1975 hadi Julai 1976, setilaiti ya Marekani iitwayo ATS-6 ilitumika kupeleka vipindi vya kilimo, afya na masomo katika vijiji 2,400 vya majimbo 6, vingi vikiwa vijiji maskini kuliko vyote. Televisheni ziliwekwa mahali pa wazi, kijiji kizima kikakusanyika. Mwaka ulipokwisha, setilaiti ikaondolewa. Lakini katika wilaya ya Kheda, jimbo la Gujarat, kulikuwa na mtambo mdogo wa kurushia matangazo katika kijiji cha Pij, na huko kazi iliendelea kwa miaka. Watayarishaji walikwenda vijijini kuuliza kwanza. Wanakijiji wenyewe waliigiza. Vipindi viligusa ulevi, ujira wa vibarua na ubaguzi wa matabaka, mambo ambayo wenye mashamba makubwa hawakupenda kuyasikia. Mwaka 1984 mradi huo ulipewa tuzo ya UNESCO ya mawasiliano vijijini. Mimi nadhani Kheda ilidumu kuliko ule mradi mkubwa kwa sababu moja rahisi: mtayarishaji alipokosea, kesho yake alikutana na mtazamaji njiani.

Waheshimiwa, hilo ndilo tunalotaka. Mtayarishaji ambaye tutakutana naye njiani.

Msidhani tunadharau vilivyopo. Shamba Shape Up, iliyoanza 2012, imewafundisha Wakenya wengi kwa kuingia shambani kwa mtu halisi na kutatua shida yake halisi. Ninyi wenyewe, enzi za Sauti ya Kenya, mlirusha Tushauriane mwaka 1987, mchezo uliozungumzia uzazi wa mpango wakati ambapo wengi waliona haya hata kulitaja jambo hilo. Makutano Junction nayo ilifanya vijana wakae na wazazi wao kutazama. Hivi vyote ni vipindi vya nchi nzima, na kipindi cha nchi nzima lazima kichague. Kikichagua maziwa ya nyanda za juu, mkulima wa udongo mweusi wa Kano, unaonata kama gundi masika na kupasuka nyufa kiangazi, atatazama kwa heshima kisha atarudi shambani bila kitu cha kufanya.

Elimu ya udongo huu ipo tayari, na inauma kuona ilivyofungiwa. Kuanzia 2011, watafiti wa CCAFS, mpango wa utafiti wa kilimo na tabianchi, walifanya kazi na vikundi vya wakulima hapa Nyando ya chini. Walileta mbuzi wa Galla na kondoo wekundu wa Kimaasai wakachanganywa na wa kwetu. Mbuzi wakakua upesi, kondoo wakastahimili minyoo. Wataalamu wa kilimo mseto wameandika kurasa nyingi juu ya makorongo yanayokula mashamba, kama lile la Katuk Odeyo upande wa Nyakach. Kule Ahero, kwenye skimu ya umwagiliaji iliyoanzishwa miaka ya 1960, maji ya Nyando huvutwa kwa pampu za umeme na bili yake imekuwa mzigo wa miaka yote. Kuna njia ya kulima mpunga, wenzetu Tanzania wanaiita kilimo shadidi, ambapo miche hupandikizwa ikiwa michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi, na shamba huachwa likauke kidogo kabla ya kumwagiwa tena. Maji kidogo, pampu kidogo, bili ndogo. Mwea wamekuwa wakiifanya tangu 2009. Lakini jaribu kumweleza mkulima kwa mdomo kwamba mche mmoja utazaa kuliko fungu la miche mitano. Atakuona umetumwa kumfilisi. Lazima auone mche huo wiki ya pili, wiki ya nne, wiki ya nane, katika shamba la mtu anayemjua. Hiyo ni kazi ya picha, na ni kazi ya kipindi kinachorudi shamba lilelile kila wiki. Timu inayokuja mara moja kutoka Nairobi ikalala hotelini Kisumu haiwezi kuifanya hata ikiwa na kamera bora duniani.

Katikati ya miaka ya 2000, Kituo cha Mpunga cha Afrika kilipiga video nchini Benin ya kuonyesha namna ya kuchemsha mpunga kwa mvuke kabla ya kuukoboa, ili punje zisivunjike. Waonyeshaji walikuwa wanawake wa huko, kwa sufuria zao wenyewe. Video hiyo imetafsiriwa kwa lugha nyingi za Afrika na kuonyeshwa mbali na kwao. Akina mama wa Awasi wana mbinu zao ambazo wangeweza kuwafundisha wa Benin. Nani atawapiga picha?

Sasa naomba niseme jambo kuhusu namna ya kupiga picha, kwa sababu limetuumiza. Niliwahi kushuhudia timu moja ikimpiga picha mama aliyekuwa akitoka kisimani na mtungi wa maji. Alikuwa amevaa gauni lake zuri. Alikuwa ameambiwa wageni wanakuja. Wakamwomba arudi nyuma apite tena. Akapita. Mpiga picha akaongea na mwenzake, kisha wakamwomba avue ndala. Alivua, akapita mara ya tatu peku juu ya mawe, na hakuna aliyemweleza sababu. Mzee aliyekuwa mwenyeji wao, mtu ambaye hapa kila mmoja humwita jaduong' kwa heshima, walimwita kwa jina lake la kwanza kana kwamba ni mtoto wa shule. Filamu hiyo hatukuiona kamwe. Naamini ilionyeshwa mahali, kwa watu fulani, ili watoe fedha kwa ajili ya jambo fulani. Yule mama alivuliwa ndala ili aonekane maskini zaidi ya alivyo, na kipindi cha elimu kikianza kwa kumvua mtu heshima yake, hakuna atakachokubali kujifunza humo.

Kwa hiyo tunataka kanuni, tena ziandikwe kwenye mkataba. Mtu akipigwa picha, aione kabla haijarushwa. Akisema kosa lipo, lirekebishwe. Mkulima asiitwe mnufaika. Aitwe mkulima, na jina lake liandikwe kwenye skrini kama lilivyoandikwa la afisa. Kosa la kilimo likionyeshwa, lionyeshwe kwa idhini ya mwenye shamba, na wiki zijazo aonekane akiwa amefanikiwa.

Juu ya lugha sina mengi ya kusema. Ninaipenda lugha ninayoiandikia hapa, na nimeitumia kufundishia maisha yangu yote. Lakini bibi wa miaka 65 anayeelezwa kipimo cha dawa anahitaji lugha aliyokopeshea na kulipia madeni yake yote. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Mayienga FM, ambayo ni yenu, inatangaza kwa Dholuo kila siku. Wekeni Dholuo kwenye sauti na Kiswahili chini ya picha, basi. Kiswahili kisikosekane, kwa sababu ya majirani.

Majirani ni sehemu ya jambo hili. Maji yanayotuzamisha huanzia vilima vya Nandi na Kericho. Msitu ukikatwa kule, tope linashuka huku. Mkulima wa kule akilima kwa kufuata mteremko, sisi tunalala juu ya meza. Kati ya pande hizi mbili kumewahi kumwagika damu, na wanasiasa wanajua namna ya kuuchokonoa mpaka ulio kati yetu kila uchaguzi unapokaribia. Ningependa mfululizo wa kwanza kabisa ufuate mto Nyando kuanzia chemchemi hadi Ghuba ya Winam, na kila kituo mtu wa hapo aeleze anautumiaje. Mkulima Mkipsigis atoe maelezo kwa lugha yake, yatafsiriwe, nasi tumsikie. Kisha yeye aoneshwe kisima chetu baada ya mafuriko. Sijui njia nyingine ya kuwafanya watu hawa wakae sebule moja.

Kuhusu kutazama: msitegemee antena peke yake. Tangu mitambo ya analogia izimwe mwaka 2015, asiye na king'amuzi hana picha, na wapo wengi. Rusheni kipindi kwenye kituo chenu, vizuri, lakini pia kitolewe kwenye kadi ya kumbukumbu, kiweze kuonyeshwa kwa projekta ya sola kwenye baraza la chifu, kanisani baada ya ibada, kliniki siku ya kupima watoto, na katika vibanda vya video ambavyo sasa vinaonyesha mpira wa Uingereza. Vijana wanalipa kuingia mle. Mwenye kibanda atakubali kuonyesha nusu saa kabla ya mechi, nimemuuliza mmoja. Halafu sauti ya kipindi iende Mayienga FM siku mbili baadaye, kwa aliye shambani.

Na awepo yule msichana wa makaa. Yaani kila mahali pa kutazama pawe na mtu aliyeandaliwa kuanzisha mazungumzo, kukusanya maswali na kuyarudisha kwa watayarishaji, yajibiwe kipindi kinachofuata. Watu hao wapo. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa nchini mwaka 2023 na kupewa vifaa; walio katika kata yetu wanajua kila mlango. Mabwana shamba wamebaki wachache, lakini wapo. Walimu wa watu wazima tupo.

Gharama nimefikiria. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi za kilimo na afya, na kaunti tayari hutenga fedha za kuwafunza wakulima. Itoe maafisa wake na chumba. KICD itoe wataalamu wa kupima kama mtu amejifunza kweli. KBC itoe muda wa hewani, mhariri mmoja mzoefu wa kuishi nasi, na mafunzo kwa vijana. Wapo vijana hapa Awasi waliomaliza vyuo, wanaopiga picha za harusi na matanga na kuhariri kwenye kompyuta za mkononi usiku kucha. Wana jicho. Wanachokosa ni mtu wa kuwauliza, kila picha, inamfundisha nani na nini.

Ila moja: kipindi kisigeuke jukwaa la kumsifu mheshimiwa yeyote. Kifungu cha 34 cha Katiba kinataka vyombo vya utangazaji vya serikali viwe huru kuamua maudhui yao na visipendelee upande. Gavana akija kufungua mfereji, hiyo ni habari, na taarifa ya saa moja ipo kwa ajili hiyo. Kwetu atakaribishwa siku atakayokuja kujibu kwa nini mfereji haukufika.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya mvua za masika, kwa sababu baada ya hapo wote tutakuwa tunahamisha vitu. Darasa langu limeshachagua mada ya kipindi cha kwanza: kisima baada ya mafuriko, jinsi ya kukisafisha na kujua lini maji yake yanafaa tena kunywewa. Mama atakayeonyesha kazi hiyo kisimani kwake amekubali kupigwa picha. Ameweka masharti mawili: atavaa anavyotaka yeye, na ataitazama yote kabla haijatoka Awasi.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa elimu ya watu wazima, Awasi